Kabla ya Kununua Mishale, Pima Mvuto Wako

Anayenunua mishale kwa mara ya kwanza huangalia ncha. Hujaribu ukali wake kwa kidole, hupima uzito wa chuma kiganjani, kisha husifia rangi ya manyoya. Lakini jambo linaloamua kama mshale utafika unakoelekezwa halionekani kwa macho. Ni ukakamavu wa uti: jinsi unavyokubali au unavyokataa kupinda ugwe unapousukuma. Uti mgumu mno kwa upinde wako huupeleka mshale upande mmoja wa shabaha, na uti mlegevu mno huupeleka upande wa pili. Ulegevu ukizidi, mshale unaweza kupasukia mkononi mwako.

Makala haya yanamlenga msomaji wa Musoma, Bunda au Butiama aliyepata upinde wa rikavu, yaani ule ambao ncha zake mbili zimerudishwa kuelekea mbele, na sasa anatafuta mishale ya kuufaa. Ushauri wenyewe ni mfupi: anza kujipima wewe, kisha upinde, kisha uti. Ncha na manyoya vije mwisho.

Mishale ya babu ibaki ya babu

Mara si mkoa wa kufundishwa mshale ni nini. Waikoma, Wanata, Waikizu, Wangoreme, Wakurya na Wazanaki walikuwa na pinde muda mrefu kabla Serengeti haijatangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 1951. Sungusungu, ulinzi wa jadi wa vijiji, ilipoanza Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kuenea hadi huku, upinde na mishale vikawa tena vifaa vya lindo la usiku. Ndiyo maana nyumba nyingi bado zina podo kuukuu juu ya dari, na kijana mwenye rikavu mpya hushawishika kuichukua hiyo mishale ya bure.

Asifanye hivyo. Upinde wa jadi wa Mara ni wa mti mmoja, na mara nyingi ugwe wake ni wa kano au ngozi iliyosokotwa. Ugwe huo ni mnene, hivyo mkato wa nyuma wa mshale wake huchongwa mpana. Ugwe wa rikavu ni nyuzi nyembamba za kiwandani. Ndani ya mkato mpana utacheza, na ukicheza unaweza kuchomoka wakati wa kuachia. Hapo nguvu yote iliyokuwa iende kwenye mshale inabaki kwenye upinde, nao unaweza kupasuka mbele ya uso wako. Isitoshe, kigumba cha mhunzi kina uzito wake, hakuna viwili vinavyolingana kwa gramu, na uti wenyewe haukupimwa kwa nguvu ya upinde wako. Tena mshale wa zamani ambao historia yake huijui unaweza kuwa ulipakwa sumu. Huo usiuchezee kabisa.

Kinachofaa kurithiwa ni desturi ya wale wazee. Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi, ambao upinde bado ni riziki yao, hujitengenezea mishale wenyewe. Hukata vijiti, huvimenya, huvipasha kwenye moto na kuvinyoosha kwa mikono na meno, na hutumia mishale tofauti kulingana na mnyama. Mshale wa mtu umezaliwa kwa ajili ya upinde wake na mkono wake. Wewe unayenunua dukani au kuagiza kutoka mbali utafikia ulinganifu huo kwa kupima.

Kwa nini mshale hupinda

Mshale hauondoki ukiwa umenyooka. Vidole vinapoachia, ugwe hauendi mbele moja kwa moja. Huteleza kwanza pembeni kidogo ukizikwepa ncha za vidole. Msukumo huo unaikuta ncha nzito mbele ikiwa bado imetulia, na uti ulio katikati hauna budi kupinda. Hupindia upande mmoja, hurudi, hupindia upande wa pili, na katika kuyumba huko huuzunguka mshiko wa upinde bila kuugonga. Mwanafizikia wa Marekani, Clarence Hickman, alionyesha jambo hili kwa picha za kasi katika miaka ya 1930, na tangu hapo uchaguzi wa mishale ukawa na hesabu.

Uti wenye ukakamavu unaolingana na upinde humaliza kuuzunguka mshiko kwa wakati wake na kushika njia. Mgumu mno haupindi vya kutosha, hivyo hugonga mshiko na kutupwa pembeni. Mlegevu mno huendelea kuyumba angani, na manyoya hushindwa kuutuliza mapema.

Pima mvuto na nguvu halisi

Namba iliyoandikwa kwenye upinde, tuseme paundi 40, ni nguvu yake ukivutwa inchi 28. Wewe huenda huvuti inchi 28. Simama ukiwa umenyoosha mikono yote miwili, mtu akupime kutoka ncha ya kidole cha kati cha mkono mmoja hadi ya mwingine, kisha gawanya kwa 2.5. Mwenye sentimita 170 atapata 68, yaani karibu inchi 27. Hayo ndiyo makadirio ya mvuto wako. Ili kuhakikisha, chukua mshale mrefu, uvute mpaka mkono ukae shavuni mahali pako pa kawaida, na mwenzako auwekee alama kwa kalamu pale unapoukuta upande wa mbele wa upinde. Usiuachie.

Mshale uzidi mvuto wako kwa inchi moja hadi mbili. Anayeanza achukue mbili, kwa sababu mvuto wake hubadilika kadiri mgongo unavyozoea kazi. Mshale mfupi ni hatari: ukivutwa kupita kiasi, ncha huingia nyuma ya mshiko na kuelekea mkono wako.

Nguvu ipime kwa mizani ya kuning'iniza, ile ile ambayo wachuuzi wa samaki hutumia kwenye mialo kama Mwigobero. Tundika mizani imara, ingiza ugwe kwenye ndoano, shika upinde kwa mikono miwili na uuvute chini polepole mpaka ufike urefu wa mvuto wako, na mwenzako asome. Kilo 16 ni kama paundi 35; kilo 18 ni karibu 40; kilo 20 ni 44. Kila inchi pungufu ya 28 hupunguza nguvu kwa paundi mbili hadi tatu hivi. Basi mwenye mvuto wa inchi 26 anayejisifu kwa upinde wa 40 anavuta 35 tu, na mishale yake ichaguliwe kwa 35.

Namba zinazokwenda kinyume

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mishale ya mbao huuzwa kwa makundi ya paundi, kwa mfano 35 hadi 40, na namba ikiwa kubwa uti ni mgumu zaidi. Mishale ya kaboni huandikwa 400, 500, 600 na kuendelea, na huko namba ikiwa kubwa uti ni mlegevu zaidi. Sababu ni kwamba namba ya kaboni inaeleza uti ulivyopinda. Uti hulazwa juu ya nguzo mbili zilizoachana inchi 28, ukatundikwa uzito wa gramu 880 katikati. Ukishuka nusu inchi, yaani sehemu 500 kati ya elfu za inchi, huitwa 500.

Kwa rikavu ya kawaida na mshale wa inchi 28 au 29 wenye ncha ya greni 100 hadi 125 (gramu 6.5 hadi 8.1), anzia hapa. Nguvu halisi ya paundi 25 hadi 30, tafuta kaboni ya 800 hadi 1000. Paundi 30 hadi 35, tafuta 700 au 800. Paundi 35 hadi 40, tafuta 600. Paundi 40 hadi 45, jaribu 600 na 500. Paundi 45 hadi 50, tafuta 500. Kwa mbao, chukua kundi linalolingana na nguvu uliyoipima kwa mizani. Hizi ni namba za kuanzia. Neno la mwisho litatoka kwenye shabaha.

Mambo matatu huzisogeza. Mshale ukiwa mrefu zaidi hulegea. Kila inchi inayoongezeka ni kama kuupunguzia uti wa mbao paundi tano. Ncha nzito nayo huulegeza, ncha nyepesi huukaza. Na mshiko uliochongwa hadi katikati ya upinde huvumilia uti mgumu zaidi kuliko mshiko mpana, kwa kuwa mshale hauna kona kubwa ya kuzunguka.

Kupima uti wa fundi wako

Seremala mzuri wa Nyasho au Bunda mjini anaweza kukutengenezea vijiti vya mviringo vya msonobari vyenye unene wa milimita 8 hadi 9. Mchagulie ubao mkavu usio na fundo, ambao mistari yake inakwenda sambamba kutoka ncha hadi ncha. Mstari unaotokea ubavuni ndiyo njia ambayo uti utapasukia. Kijiti chenye mstari huo kitupe bila huruma. Viringisha kila kimoja juu ya kioo cha meza: kinachorukaruka kimepinda. Upindo mdogo hunyooshwa kwa kukipasha juu ya jiko la mkaa bila kukiunguza na kukikandamiza polepole kikiwa cha moto.

Kisha pima ukakamavu. Pigilia misumari miwili ukutani kwa usawa, iachane inchi 26, ambazo ni sentimita 66. Laza uti juu yake. Funga gramu 907 za mchanga kwenye mfuko, uning'inize katikati ya uti, na upime kwa rula umeshuka milimita ngapi. Gawanya 660 kwa milimita hizo. Jibu ni paundi za ukakamavu. Ukishuka milimita 16.5, uti wako ni wa 40. Ukishuka 19, ni kama 35. Fanya hivyo kwa kila kijiti, andika namba kwa penseli, na utengeneze seti kutokana na vile visivyopishana kwa zaidi ya paundi tano.

Mkato wa nyuma uchongwe ukikata mistari ya mbao. Ukifuata mistari, ugwe utaupasua uti kama kabari.

Mbao, mwanzi, alumini au kaboni

Mbao inapatikana, inatengenezeka, na inalingana na ladha ya upinde wa jadi. Udhaifu wake ni unyevu. Karibu na ziwa, na hasa msimu wa mvua, uti usiopakwa vanishi hunywa maji na kupinda, kwa hiyo upake vizuri na uuhifadhi wima mahali pakavu.

Mwanzi ni imara kwa uzito wake, lakini kila mmoja una unene wake. Kupata sita inayolingana kunataka kupima mingi. Upande mnene uwe mbele, na vifundo vipigwe msasa. Matete ya kando ya ziwa ni mepesi sana. Hata yakiunganishwa na kipande cha mti mgumu mbele, mara nyingi yanafaa pinde dhaifu tu.

Alumini imenyooka na vipimo vyake havibadiliki, lakini ikigonga jiwe hupinda, na Mara ina mawe. Kaboni haibaki imepinda: ama iko sawa ama imevunjika. Hatari yake ni ufa usioonekana. Kabla ya kila mpigo, kunja uti kidogo kwa mikono huku ukisikiliza. Ukisikia mlio wa kukwaruza au ukiona nyuzi zikichomoza, uvunje na uutupe. Uti wa kaboni uliopasuka ukiachiwa unaweza kuingiza vipande kwenye mkono unaoshika upinde.

Kama ndoto yako ni mashindano, kaboni au alumini ndiyo njia. Jirani zetu Kenya walimpeleka Shehzana Anwar kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016, naye ndiye aliyebeba bendera ya nchi yake siku ya ufunguzi. Rikavu za Olimpiki hupigwa kutoka mita 70, na kanuni za kimataifa haziruhusu uti unaozidi milimita 9.3. Kwa wa kwetu anayejifunza kwenye mita 10 hadi 20, mbao iliyopimwa vizuri inatosha kabisa.

Uzito usidharauliwe

Wengi hutaka mshale mwepesi kwa sababu unakwenda kasi. Upinde hauupendi. Mshale mwepesi mno hauchukui nguvu yote, na kinachobaki huyatikisa mabawa ya upinde kila unapoachia. Kwa rikavu ya jadi, mshale mzima, pamoja na ncha na manyoya, uwe na greni 8 hadi 10 kwa kila paundi ya nguvu. Kwa gramu, ni kati ya 0.5 na 0.65. Anayevuta paundi 40 atafute mshale wa gramu 21 hadi 26.

Mizani ya dukani haisomi vipimo vidogo hivyo, lakini huku kwetu mizani ya gramu si adimu: wanunuzi wa dhahabu wa Buhemba wanayo, na masonara wa mjini wanayo. Mwombe mmoja akupimie seti yako. Mishale ya seti moja isipishane kwa zaidi ya nusu gramu hivi, la sivyo itatua mingine juu na mingine chini hata kama mkono wako haukukosea.

Manyoya, mkato na ncha

Ukipiga juu ya kibao cha mshiko bila kifaa cha kupumzishia mshale, tumia manyoya halisi. Plastiki ikigusa mshiko huurusha mshale; unyoya hulala na kuinuka. Matatu ya inchi 4 au 5 yanatosha, yote yatoke bawa la upande mmoja wa ndege, kulia au kushoto, kwa sababu yakichanganywa yanashindana kuuzungusha mshale. Unyoya wa rangi tofauti uelekee nje, mbali na upinde. Manyoya makubwa humsaidia anayeanza, lakini huchukuliwa na upepo. Mchana upepo wa ziwa huvuma kuelekea nchi kavu, kwa hiyo anayefanyia mazoezi Musoma atapata utulivu zaidi asubuhi.

Bata mzinga na bata bukini wa kufugwa hutoa manyoya mazuri ya mabawa. Usiokote ya tai, tumbusi au ndege mwingine wa porini. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, unyoya wa mnyamapori unahesabika kuwa nyara, na kuwa nao bila kibali ni kosa.

Mkato uushike ugwe kwa wastani. Uning'inize mshale kwenye ugwe ukiangalia chini: usidondoke wenyewe, lakini ukiugonga ugwe kwa kidole udondoke. Ncha iwe ya mazoezi, butu kiasi, ya greni 100 au 125, sawa na gramu 6.5 au 8.1. Ncha pana zenye makali huharibu shabaha na hukupa maswali ya kujibu barabarani.

Mshale usio na manyoya ndio hakimu

Sasa thibitisha. Chukua mishale mitatu yenye manyoya na mmoja uliolingana nayo lakini hauna. Simama mita 10 hadi 15 kutoka kwenye shabaha na uipige yote kwa utulivu, mara kadhaa. Kwa anayevuta kwa mkono wa kulia, mshale mtupu ukitua kushoto ya wenzake, uti ni mgumu: weka ncha nzito zaidi, au tafuta uti mlegevu. Ukitua kulia, uti ni mlegevu: upunguze urefu nusu sentimita kwa wakati mmoja bila kupita mpaka wa mvuto wako, au weka ncha nyepesi. Kwa anayevuta kwa kushoto, geuza yote. Ukitua juu au chini ya wenzake, tatizo ni mahali mkato unapokaa kwenye ugwe, na hapo usikate uti.

Shabaha nzuri hujengwa kwa magunia yaliyoshindiliwa mabaki ya nguo. Nyuma yake kuwe na kilima cha udongo. Usipige kuelekea miamba kama ya Balili, maana mshale hurudi. Wala kwenye njia ya mifugo au ya watoto wa shule.

Mwisho wa uwanja ni sheria

Bunda imepakana na Serengeti, na mahakama za mkoa huu husikiliza kesi za watu waliokutwa na silaha ndani ya hifadhi. Sheria ya Hifadhi za Taifa, Sura ya 282, inakataza kuwa na silaha humo bila kibali, na upinde na mishale havitachukuliwa kuwa vifaa vya mchezo. Usikatize hifadhini ukiwa na podo, hata kwa njia ya mkato. Kuwinda bila leseni ni kosa, na sumu kwenye mshale isiguswe hata kwa utani. Kabla ya kufungua uwanja wa mazoezi, mweleze mwenyekiti wa kijiji au mtaa unachofanya na saa zako, kwa sababu katika wilaya ambazo mishale imewahi kuua watu kwenye ugomvi wa koo, mtu anayeonekana na upinde lazima ajulikane ni nani.

Basi ukienda kununua, usianze na dazeni. Nunua mitatu ya ukakamavu wa chini kidogo ya hesabu yako, mitatu ya hesabu yenyewe na mitatu ya juu kidogo, yote ikiwa mirefu kuliko unavyohitaji. Ipige bila manyoya mpaka kundi moja lijitokeze. Hilo ndilo la kuagiza kwa wingi, kukata kwa urefu wako na kuvisha manyoya. Yale mengine mwuzie mwenzako ambaye upinde wake unayataka, naye umpe karatasi yenye namba ulizopima.